Shajara ya mradi wa Chagas, Westlake: kadi yenye namba

Jumamosi, Februari 8, 2025

Tumeanza, na tumeanza vibaya. Meza mbili, mwavuli, kiti cha kumkalisha mtu akitolewa damu, sanduku la barafu, na bango la Kihispania lenye picha ya mdudu mkubwa kuliko kichwa changu. Tulijipanga ukingoni mwa MacArthur Park hapa Los Angeles, upande wa mtaa wa Alvarado, tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Wamekuja watu saba. Wawili walitaka kupima sukari, mmoja alikuwa anaulizia choo.

Niandike mradi wenyewe ni nini, maana wanaosoma shajara hii wengi ni ndugu zangu na niliosoma nao maabara, wako Kasulu, Dar na Minneapolis, na kila nikisema napima Chagas wanaanza utani. Wachagga hawahusiki. Jina ni la daktari Mbrazil, Carlos Chagas, aliyeutambua ugonjwa huu mwaka 1909 katika mji mdogo wa Lassance, jimbo la Minas Gerais. Kwa mtu wa Kigoma nina maelezo ya mkato: ni binamu wa malale. Vimelea vya malale ni Trypanosoma na hubebwa na mbung'o. Hivi ni Trypanosoma cruzi, na hubebwa na mdudu anayejificha kwenye nyufa za ukuta wa udongo na katika nyasi za paa. Usiku anashuka, anamuuma aliyelala, mara nyingi usoni, karibu na mdomo au jicho. Akishiba anajisaidia hapo hapo. Vimelea havimo kwenye mate yake, vimo kwenye kinyesi, na mtu akijikuna usingizini anajipaka mwenyewe.

Bibi yangu alisimuliwa na wazazi wake jinsi Waingereza walivyohamisha vijiji vizima na kuvikusanya pamoja kwa ajili ya mbung'o. Malale yanajulikana kwetu kwa sababu mgonjwa anaonekana: analala, anachanganyikiwa, anakufa. Huyu binamu ana adabu ya kutisha. Anakaa mwilini miaka ishirini au thelathini bila kubisha hodi. Wengi hawaugui kamwe. Lakini kati ya watu 10, wawili au watatu huja kuharibika moyo, au koo la chakula na utumbo mpana hupanuka hadi chakula kinagoma kupita. Unakuta mtu wa miaka hamsini anaanguka kazini, wanasema presha, kumbe ni mdudu aliyemuuma akiwa na miaka sita kijijini Morazán, El Salvador.

Marekani inakadiriwa kuna watu wapatao 300,000 wenye vimelea hivi, na walioambiwa kwamba wanavyo hawafiki 1 katika kila 100. Wenzetu wa hospitali ya Olive View-UCLA kule Sylmar, ambao wana kituo cha Chagas tangu 2007, walipima watu zaidi ya 4,700 wa Los Angeles waliozaliwa Mexico, Amerika ya Kati na Amerika ya Kusini. Waliokutwa navyo walikuwa asilimia 1.24. Kwa Wasalvador peke yao ilikuwa zaidi ya asilimia 3. Na Wasalvador wa jiji hili ukiwataka unakuja Westlake na Pico-Union, ndiyo sababu tuko hapa. Kwa sindano hiyo hiyo tunapima pia VVU, kaswende na homa ya ini aina ya C, kwa anayekubali.

Saba, basi. Bango linabaki nyumbani wiki ijayo, limewatisha watoto.

Jumamosi, Februari 22

Watu watano. Lakini leo tumepata kilicho bora kuliko watu mia: tumepata wa kutusema.

Ni promotora. Kwetu tungemwita mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ila wa hapa mara nyingi ni mama wa mtaa mwenye simu isiyolala. Huyu ni Msalvador wa zaidi ya miaka sitini, ameuza pupusa, mikate ya mahindi yenye vitu ndani, kwenye kona moja tangu kabla sijajua kusoma, na kila mtu anamwita Doña, basi. Alisimama mbele ya meza yetu muda mrefu, mikono kiunoni, kama mama mkwe anayekagua jiko.

“Mija,” yaani binti yangu, akaniambia, “Jumamosi ni siku ya kazi. Umewahi kumwona mpaka rangi anayekaa nyumbani Jumamosi?”

Nikanyamaza.

“Na hizi karatasi kurasa nne. Unamuuliza mtu anakaa wapi, anakaa na nani, ameingia nchi hii lini. Hata polisi hawaulizi hivyo kwa siku moja.”

Fomu haikutoka kwangu, ilitoka kwa watu wa utafiti, lakini mbele ya Doña huwezi kujitetea kwa namna hiyo. Alichukua kalamu yangu akapiga mstari swali moja baada ya jingine. Alipomaliza yalibaki matano: ulizaliwa wapi, nyumba ya utotoni ilikuwa ya nini, umewahi kumwona mdudu huyu, mama yako aliwahi kuambiwa ana ugonjwa wa moyo, tukupate wapi. La mwisho alilizungushia duara akasema hilo ndilo litakalotusumbua. Nikadhani anazungumzia namba za simu.

Jumapili, Machi 16

Tumehamia ukumbi wa parokia, baada ya misa ya saa sita. Na Jumanne na Alhamisi tunakwenda saa kumi na moja alfajiri kwenye kijiwe cha jornaleros, yaani deiwaka wanaosubiri gari ya mtu mwenye kazi. Tofauti ni ya usiku na mchana. Leo nimechoma sindano hadi vidole vimekufa ganzi.

Picha ya mdudu sasa ni ndogo, ya kiganjani, na kila mtu anamwita jina lake. Wasalvador na Waguatemala wanasema chinche picuda, Wamexico chinche besucona, mdudu wa mabusu, na mama mmoja wa Bolivia alipomwona alisema “vinchuca!” kwa sauti ya mtu aliyekutana na mdeni wake. Nikawaonyesha wazee wawili picha ya nyumba ya babu yangu Kasulu, fito na udongo. Mmoja akasema, “Hiyo ni bahareque, ni nyumba yetu.” Hatukuhitaji maelezo zaidi. Alikunja mkono wa shati mwenyewe.

Kwa walio maabara: damu hii hupaswi kukimbia nayo. Unaiacha igande kama nusu saa, kisha unaizungusha kwenye sentrifuji hadi seramu ibaki juu, safi, rangi ya chai nyepesi isiyo na maziwa. Sentrifuji inataka umeme, na umeme wa ukumbi wa parokia unataka amani. Saa nane kasoro waliwasha birika kubwa la kahawa wakati mashine yangu iko kasi, giza likaingia, na mzee wa kanisa akanitazama kana kwamba nimeleta ushirikina. Tumekubaliana: kahawa kwanza, damu baadaye.

Jumatatu, Aprili 14

Leo ni siku ya Chagas duniani. Tarehe hii mwaka 1909 Carlos Chagas alikuta vimelea katika damu ya mtoto wa miaka miwili, Berenice, mgonjwa wa kwanza kujulikana. Sisi tumeiadhimisha kwa kuomba msamaha.

Hakuna kipimo kimoja kinachotosha kwa Chagas ya muda mrefu. Tunachotafuta ni kingamwili, na ili useme mtu anao lazima vipimo viwili vya aina tofauti vikubaliane. Vikipingana kinafanywa cha tatu, na sampuli nyingine hufika mpaka CDC, kituo cha serikali kuu cha kudhibiti magonjwa, kule Atlanta. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kikisema ndiyo, hiyo ni nusu ya sentensi.

Maabara moja kubwa ya biashara tuliyokuwa tunaipelekea sampuli iliimalizia sentensi yenyewe. Iliingiza jibu la kwanza kwenye simu ya mama mmoja saa tano usiku, neno moja tu la Kiingereza: chanya. Mama huyu anafanya usafi maofisini, ana watoto watatu. Aliliweka neno kwenye programu ya kutafsiri, kisha akatafuta picha mtandaoni. Siku nne hakulala. Alitenga vikombe vya watoto, akaacha kuwabusu. Wakati hata kama angekuwa nao, Chagas haipiti kwa kikombe wala kwa busu. Inapita kwa mdudu, kwa damu ya kuongezewa, kwa kiungo cha kupandikizwa, kwa chakula kilichochafuliwa na mdudu, na toka kwa mama kwenda kwa mtoto tumboni. Kipimo cha pili kikaja: hana. Cha tatu: hana.

Nilikwenda kwake na Doña kumweleza. Alitusikiliza amesimama mlangoni, hakutukaribisha ndani, na sikumlaumu. Sheria ya hapa inampa mgonjwa haki ya kuona majibu yake mara yanapokuwa tayari, nami haki hiyo siipingi. Ninachopinga ni kumwachia mtu neno moja usiku wa manane halafu kwenda kulala.

Mabadiliko mawili kuanzia leo. Kwanza, tunachukua chupa mbili za damu siku ya kwanza. Seramu ya chupa ya pili inagandishwa, ili kipimo cha pili kisisubiri mtu arudi. Pili, kabla ya sindano tunasema kwa mdomo: jibu la kwanza si jibu, usiamini hadi uone uso wangu au wa Doña.

Jumapili, Mei 18

Jambo dogo, lakini niliandike kabla sijasahau. Leo kaja kijana wa Guatemala, fundi wa kuweka tiles, anatikisa kichwa kwa kila ninachosema kwa Kihispania changu cha darasani. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nikamuuliza nyumba yenu ilikuwa ya nini, akasema ndiyo. Doña akacheka, akaenda kumleta msichana wa miaka kumi na tatu toka mezani pa tamale. Kijana anazungumza K'iche', lugha mojawapo ya Wamaya wa Guatemala. Kihispania anakijua cha kazini: simenti, ndoo, kesho, lipa.

Bibi yangu, yule yule wa habari za mbung'o, alikuwa anasikiliza maelezo ya afya ya Kiswahili cha redioni na kutikisa kichwa hivyo hivyo, kisha anamuuliza mama kwa Kiha: huyu alikuwa anasema nini? Hapa watu wote hawa wanawekwa kwenye kapu moja linaloitwa Latino, na karatasi za Kihispania zikishachapwa wakubwa wanahesabu kazi ya lugha imekwisha. Ndani ya umbali wa kutembea toka ukumbi huu kuna wasemaji wa K'iche', Q'anjob'al, na Wazapoteko wa Oaxaca. Na wanatoka vijijini, kwenye kuta zile zile za udongo. Wanaohitaji kipimo zaidi ndio wasioielewa karatasi.

Msichana alitafsiri vizuri sana. Lakini mtoto wa miaka kumi na tatu hapaswi kumuuliza mtu mzima habari za kaswende, kwa hiyo leo kijana huyu tumempima Chagas peke yake. Tumeanza kutafuta wakalimani watu wazima. Namba ya simu aliyotoa ni ya bosi wake.

Jumapili, Juni 8

Ukumbi mtupu. Padri alisema misa kwa viti.

Juzi Ijumaa, tarehe 6, maafisa wa uhamiaji walivamia sehemu kadhaa za jiji, pamoja na uwanja wa duka la vifaa vya ujenzi hapa hapa Westlake ambako deiwaka husubiri kazi. Kijiwe chetu cha alfajiri kiko mwendo mfupi kutoka hapo. Leo nilizunguka Alvarado mchana. Vibanda vimefungwa, turubai zimekunjwa, hata mwenye embe za pilipili hayupo. Doña hajauza tangu Ijumaa. Yeye ana karatasi zake zote, ila wateja hawana, “na nikikaa pale peke yangu ninakuwa alama ya kuwaonyesha walipo.”

Sikuchoma mtu hata mmoja. Niliosha meza.

Jumanne, Julai 8

Jana askari wa serikali kuu waliingia MacArthur Park, wengine juu ya farasi, na magari ya jeshi. Kambi ya watoto ya kiangazi ilikuwa inaendelea bustanini. Mahali pale pale tulipoweka meza Februari. Siwezi kuandika zaidi leo.

Jumapili, Agosti 17

Sasa naelewa kwa nini Doña alilizungushia duara swali la tano.

Chupa mbili zimefanya kazi yake. Majibu kamili tunayo: sampuli zilizogandishwa tangu Aprili na Mei zimepita vipimo vyote viwili. Friji yetu ina ukweli mtupu ndani yake. Wenye ukweli huo hawapatikani. Simu zimezimwa au zimebadilishwa, watu wamehama vyumba, wengine wanaona namba wasiyoijua na hawapokei, na mwaka huu nani atawalaumu? Tulijivunia kwamba hatuhitaji tena kumwita mtu arudi kwa kipimo cha pili. Tulisahau kwamba bado tunahitaji arudi kwa ajili yake mwenyewe.

Mmoja nimempata. Simu yake ilipokelewa San Miguel. Nikadhani ni San Miguel fulani ya California, zipo. Akasema hapana, El Salvador. Alikamatwa Juni akielekea kazini, wakamrudisha, na sasa yuko kwa dada yake. Huko nyuma kulikuwa na jogoo na redio. Nikamwambia nina majibu yake. Akacheka kidogo, kicheko kile cha mtu aliyeongezewa mzigo wakati amekwisha kuinama.

“Niambie tu, señorita. Mabaya yote yaje pamoja.”

Nikamwambia: vipimo vyote viwili vinasema ndiyo. Nikamweleza habari ya moyo, kwamba anahitaji kipimo cha umeme wa moyo, kwamba kuna dawa ya siku sitini. Kisha nikamwambia jambo ambalo sikutarajia kulisema katika mradi huu: huko aliko ugonjwa huu wanaujua kuliko sisi. Wizara ya afya ya El Salvador inapima na kutibu Chagas kwenye vituo vya umma, na daktari wa kituo cha kawaida hatamuuliza “Chagas ni nini?” kama alivyoniuliza daktari mmoja wa hapa mwezi Machi. Nilimtumia majibu yake kwa picha. Wiki moja baadaye dada yake alinitumia sauti: ameshaandikishwa kliniki.

Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza wa mradi wetu kuanza safari ya matibabu ameanzia nje ya Marekani, baada ya kufukuzwa Marekani. Wenye kuandika ripoti waniambie niliweke safu gani.

Jumapili, Agosti 24

Kikao jikoni kwa Doña, watu wanne na sufuria ya maharage. Tumekubaliana juu ya kadi.

Kadi ni ndogo, haina jina, haina nembo, haina neno Chagas. Ina namba, na mchoro wa ua la loroco ambalo kila Msalvador analijua kwa sababu linaliwa ndani ya pupusa. Namba hiyo hiyo iko kwenye chupa. Orodha ya kuunganisha namba na mtu inakaa kliniki kwetu, kwenye kabati la chuma. Na mtu akishapewa kadi hatumuulizi tena simu yake kwanza. Tunamuuliza: ni nani siku zote anajua ulipo? Anataja mama mlezi wa watoto, kinyozi, dada, mwenye kibanda cha kutuma pesa. Tunamwomba ruhusa ya kumwambia huyo sentensi moja tu, “kadi yako iko tayari.”

Ni jambo la kishamba kabisa, na mimi nimefurahi. Kasulu hakuna anayetafutwa kwa anwani. Unauliza dukani.

Ubalozi mdogo wa Mexico hapa mtaa wa 6 una dirisha lake la afya, Ventanilla de Salud, ambako wanaosubiri pasipoti hupewa vipimo na ushauri. Nilikwenda kuona wanavyofanya. Wamelielewa jambo moja zamani: mfuate mtu kwenye foleni ambayo tayari ameikubali.

Jumatano, Septemba 10

Simu hazikatiki! Jarida la CDC limetoa makala inayotaka Chagas ihesabiwe kuwa ni ugonjwa wa hapa hapa Marekani, kwa kuwa wadudu wameonekana katika majimbo 32 na watu walioambukizwa humu humu wamepatikana katika majimbo 8, California ikiwemo. Ni kweli, na ni vizuri ijulikane. Magazeti yakachukua neno “mabusu” na kukimbia nalo.

Wanaopiga sasa ni wenye bustani kubwa vilimani, wanataka tuwatazamie mdudu wa kwenye bakuli la mbwa. Tunawajibu kwa heshima. Ila leo amepiga mama mmoja anayetaka tumpime mtumishi wake wa ndani, “kwa usalama wa watoto.” Nilimweleza jinsi ugonjwa unavyopita na usivyopita, akaniuliza tena bei. Nikamwambia mtumishi akitaka kupimwa aje mwenyewe, majibu atapewa mwenyewe. Akakata simu.

Juzi, tarehe 8, Mahakama ya Juu ya nchi iliondoa zuio lililokuwa limewawekea mipaka maafisa wa uhamiaji kusimamisha watu barabarani katika jiji hili. Doña alikuwa ameanza kurudi kwenye kona yake. Jana alifunga mapema.

Jumapili, Oktoba 19

Leo habari njema, nitaikalia.

Mama wa miaka thelathini na moja, kadi yake iliitwa kupitia kwa kinyozi wa mumewe. Vipimo vyote viwili ndiyo. Kipimo cha umeme wa moyo safi kabisa. Tukamwomba alete watoto wote, maana mama anaweza kumpa mtoto vimelea akiwa tumboni. Haitokei mara nyingi, ni wachache katika kila mia, lakini inatokea, na mtoto aliyezaliwa Los Angeles ambaye hajawahi kuona ukuta wa udongo hakuna daktari atakayemfikiria. Wakubwa wawili hawana. Mdogo, wa miaka minne, anavyo.

Ndiyo, ni habari njema. Mtoto ndiye anayetibika vizuri zaidi. Kadiri vimelea vinavyokuwa vichanga mwilini ndivyo dawa inavyovimaliza. Benznidazole iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa watoto wa miaka 2 hadi 12, na nifurtimox mwaka 2020 kwa watoto tangu kuzaliwa hadi chini ya miaka 18. Watu wazima nao hupewa, kwa uamuzi wa daktari, ila wao dawa inawasumbua zaidi: vipele, kichefuchefu, kukonda, ganzi miguuni. Mama naye atameza zake, na mwanamke akitibiwa kabla ya mimba nyingine, hatari kwa mtoto ajaye inapungua sana. Kwa hiyo wakati tunahesabu kipimo cha mtu mmoja, tulikuwa tunapima na mtu ambaye bado hajawa.

Mtoto aliuliza kama mdudu yuko ndani ya tumbo lake. Nikamwambia hapana, mdudu alibaki kwa bibi yake mbali sana, aliacha uchafu tu, sasa tunafagia. Amekubali. Dawa siku sitini, kwa maji ya matunda.

Jumapili, Novemba 30

Mjadala mkali jikoni, na maharage hayakusaidia.

Kuanzia Januari 1, 2026, California haitaandikisha tena wapya kwenye Medi-Cal kamili, bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, kama ni watu wazima wasio na hati za kukaa nchini. Walioingia kabla wanabaki, mradi wasikose kuhuisha. Watoto na wajawazito wanaendelea kupokelewa. Maana yake, mwenye Chagas ambaye hajajiandikisha ana mwezi mmoja. Bila bima kliniki yetu itamwona kwa malipo ya kadiri ya kipato chake, lakini mtaalamu wa moyo, picha za moyo, labda baadaye kifaa cha kuusukuma moyo, hivyo kliniki haina.

Upande wa pili wa mizani: mwezi Juni ilibainika kwamba serikali kuu ilikuwa imechukua taarifa za walioandikishwa, za California zikiwemo, na kuzipeleka idara ya usalama wa ndani ambayo uhamiaji uko chini yake. Jimbo likaenda mahakamani, na Agosti jaji akazuia zisitumike kwa kusaka watu, kwa muda, kesi ikiendelea.

Muuguzi wetu anasema tuwahimize wote wajiandikishe, moyo hausubiri mahakama. Doña anasema hatamwambia mtu yeyote aandike jina lake popote mwaka huu. Wote wawili nawaheshimu. Mimi nilitaka tuandike karatasi moja inayosema mambo yote mawili waziwazi, bila kusukuma, na tumpeleke kila mtu kwa wakili wa bure kabla hajaamua. Wakaniambia hiyo ni njia ya mtu wa maabara: kutoa majibu na kuondoka. Kuna ukweli hapo, uliniuma. Karatasi tumeiandika hata hivyo.

Ijumaa, Desemba 12

Sikukuu ya Bikira wa Guadalupe. Saa kumi na moja alfajiri ua la parokia limejaa, mariachi, mawaridi, chokoleti ya moto. Watu wametoka kama zamani, ingawa getini kulikuwa na vijana wa zamu wenye filimbi.

Nilikuwa kwenye foleni ya tamale nilipoguswa bega. Yule kijana wa K'iche', fundi wa tiles. Hakuwa na kadi yetu, alipimwa Mei kabla ya kadi. Alikuwa na kipande cha kibandiko cha chupa, chenye namba, alichokibandika nyuma ya kitambulisho cha kazini na kukitunza miezi saba. Sijui nani alimpa. Huenda ni mimi, kwa bahati. Safari hii alikuja na binamu yake mtu mzima, anayejua lugha zote mbili. Alikuwa amehamia Bakersfield, anachuma zabibu. Amesafiri usiku kwa ajili ya Bikira, na kwa ajili ya namba.

Tukaenda nyuma ya ukumbi, kwenye kile chumba cha birika. Nikampigia muuguzi afungue kabati. Majibu yake nilikuwa nayajua kwa namba tu, nimeyatazama mara nyingi mno. Vipimo vyote viwili ndiyo. Nilisema polepole, binamu akasema polepole zaidi kwa K'iche', kwa maneno mengi kuliko yangu. Kijana aliniuliza jambo moja: mama yake yuko hai Totonicapán, apimwe? Nikasema apimwe, na ndugu zake wote.

Asubuhi hiyo hiyo kliniki ilimpima umeme wa moyo. Daktari ameona upande wa kulia umeme unachelewa kupita, jambo la kawaida kwa Chagas, na lisilotakiwa. Anahitaji picha ya moyo.

Nikampa karatasi ya Medi-Cal, binamu akamsomea pande zote mbili. Siku kumi na tisa zimebaki. Akauliza kama ni lazima aandike jina. Nikasema ndiyo, ni lazima. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia pamoja na kile kibandiko.

Nimemwandikia kadi mpya, yenye ua. Wakili yupo kliniki Jumapili saa tatu. Binamu amesema watalala kwake hapa mjini mpaka hapo, na mtu wa kuulizia ni Doña.